Mganga wa Mlingoti: Mwongozo kwa Anayeanza Riruta Satellite

Kazi imeisha, kodi imefika, na keateka anapita mlangoni pako akikohoa kwa makusudi. Usihangaike. Iko biashara Nairobi isiyodai shahada, duka wala mtaji. Nenda ukasimame steji ya Satellite, kando ya Naivasha Road, uinue macho uutazame mlingoti wa stima. Kati ya tangazo la bedsitter na la anayezibua choo utaona karatasi ya daktari kutoka mbali. Anarudisha mpenzi aliyetoroka, anashinda kesi, anapandisha cheo, anamnasa mwizi. Daktari huyo, rafiki yangu, anaweza kuwa wewe. Fuata hatua hizi bila papara.

1. Usiwe wa hapa

Wanaoanza hukosea kwa kusema kweli kuhusu walikotoka. Ukiandika "Mganga wa Kabiria", nani atakuja? Kabiria mtu huenda kwa miguu, tena na ndara. Nairobi humkubali mganga akitoka Kitui, humheshimu akitoka Tanga, na akitoka Pemba huvua viatu kabla ya kuambiwa. Sumbawanga pia inalipa, ila hakikisha unajua iko wapi. Siku moja atakuja dereva wa lori anayeijua Tunduma kuliko kitanda chake, akuulize ulipitia njia gani.

Umbali ni dawa, na ushahidi upo. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila alikuwa akitoa kikombe kimoja cha dawa ya mti wa mugariga kijijini Samunge, Loliondo, kwa shilingi 500 za Tanzania. Magari yalipanga foleni ya kilometa nyingi porini. Mawaziri walikunywa, na Wakenya walivuka mpaka na wagonjwa wao. Sasa mchukue mzee yule, na sufuria yake ileile, umweke Kawangware 56. Ni nani angepanga foleni? Kanjo, labda. Ile barabara mbovu ilifanya nusu ya kazi. Wewe barabara ya namna hiyo huna, ingawa mvua ikinyesha Satellite tunajitahidi, kwa hiyo umbali wako itabidi utoke mdomoni.

2. Jifunze Kiswahili

Huu ndio mtaji halisi, na ndio hatua wavivu wanaoiruka. Mtu wa Nairobi akisikia Kiswahili kilichonyooka husisimka mwili. Huku tumezoea kusema "leta chai". Wewe sema, "Naomba unipatie chai, kama haitakuwa taabu." Mteja ataelewa papo hapo kwamba adabu kama hiyo haipatikani kwa njia za kawaida.

Ngiri, soo na finje zipige marufuku kinywani mwako. Sema elfu moja, mia moja, hamsini, tena polepole, kama mtu anayezihurumia. Mteja mwite mwanangu hata akikuzidi umri. Akiingia, pole, akikohoa, pole, akilipa, pole sana.

Na ukikasirika, kasirika kwa Kiswahili hichohicho. Waganga wazuri wameanguka hapa: bodaboda anamkanyaga mguu mbele ya mteja, na Pemba yote inamtoka mdomoni kwa sekunde moja, anabaki Kawangware mtupu.

3. Bango

Karatasi moja, herufi nyeusi na nyekundu, na gundi ya uji wa ngano. Bandika usiku, juu kidogo ya mkono wa mtu mrefu, ili mshindani wako akitaka kulibandua aje na ngazi. Anwani usiiweke. Mganga mwenye anwani hutembelewa na watu wasio wateja.

Mpangilio wa maradhi una ufundi wake. Mapenzi yatangulie, maana ndiyo yanayosimamisha watu. Nguvu za kiume usiziweke juu wala usizikuze herufi. Mwanamume anataka kuisoma habari hiyo bila kuonekana akiisoma. Ziweke mstari wa tatu, katikati ya "kesi mahakamani" na "kupandishwa cheo", ili mwenzake akimshika bega aweze kusema ana shamba lenye mgogoro.

Usiandike "matokeo baada ya saa 24". Andika "matokeo ya haraka". Haraka haina saa.

4. Kliniki

Chumba kimoja cha mabati kinatosha. Kwa desturi mganga wa pwani ana nguo tatu: kaniki nyeusi, bendera nyekundu na bafta nyeupe. Gikomba utapata mashuka ya rangi hizo, na hakuna atakayeuliza kama kaniki yako iliwahi kuwa pazia huko Ulaya. Ubani na udi kanunue Eastleigh. Chetezo ni mkebe wa rangi uliotobolewa. Kibuyu kipo Maasai Market, lakini tafadhali kitoe shanga kwanza, watalii wasije wakakuharibia tunguri. Kiti chako kiwe juu, cha mteja kiwe kigoda. Na tokeni za stima zikiisha usione aibu. Giza ni sehemu ya huduma.

Ukitaka muujiza wa macho, nenda kemisti ukaulize potasiamu pamanganeti. Chembe chache tu hugeuza maji ya beseni kuwa mekundu, na mteja atayaita damu bila kusaidiwa. Lakini angalia, ujanja huu umeshaonekana runingani. Mwaka 2014 KTN ilirusha makala kuhusu mhubiri mmoja wa Nairobi na maji ya namna hiyo. Tangu wakati huo shilingi 310, kiasi alichokuwa akiwaomba waumini wapande kama mbegu, ni mzaha wa taifa zima. Hata hivyo jifunze kitu kwenye hesabu yake. Mia tatu ni bei. Mia tatu na kumi ni maagizo kutoka juu.

Nyuki uwaache. Umewaona kwenye habari: mwizi anarudisha runinga ya watu huku kundi la nyuki limemganda mkononi, na mganga amesimama kando akipiga picha. Wafugaji wa nyuki wanajua kwamba kundi humfuata malkia kwa harufu yake. Aliyembeba malkia kwenye kijisanduku amelibeba kundi zima. Ila kazi hiyo inataka malkia, mwizi wa kukodi na ngozi ngumu, na wewe hata kodi ya mwezi huu hujalipa.

5. Kupiga ramli

Mteja ameketi. Usimuulize shida yake, mweleze. Moshi ukishapanda, tamka taratibu: "Wewe ni mtu wa moyo mweupe, lakini watu hawakuelewi. Umesaidia wengi na wengi wamekusahau. Una kipaji ambacho hujakitumia. Kuna mtu anakuchekea usoni na moyoni hakutakii mema." Kisha nyamaza, umtazame anavyojifuta machozi.

Sikuuzii maneno matupu. Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Marekani aitwaye Bertram Forer aliwapa wanafunzi 39 mtihani wa tabia, kisha akamkabidhi kila mmoja maelezo yake ya siri. Wanafunzi wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Maelezo yalikuwa mamoja kwa wote, na mengi aliyatoa kwenye kitabu cha unajimu. Wale walikuwa wanafunzi wa chuo, wana kalamu mkononi. Wako amekuja na nauli ya kukopa na picha ya mume kwenye simu iliyopasuka kioo. Ukimwambia anaonewa wivu, unadhani atakataa? Hakuna mtu Riruta, wala Runda, anayeamini kwamba hana chochote cha kuonewa wivu.

6. Malipo

Hapo zamani mteja alileta jogoo mweusi. Tangu 2007 tuna M-Pesa, na maisha ni mepesi isipokuwa kwa jambo moja linalowatia waganga jasho: ujumbe wa kuthibitisha hutaja jina. Mteja anamtumia Mwinyi wa Pemba, simu inamwambia pesa zimepokelewa na Kamau. Usitetemeke. Mwambie mizimu haishiki simu, Kamau ni karani wake. Na akisema hana kitu, muulize kwa upole kama Fuliza yake bado ina nafasi. Mganga anayejua kiwango cha Fuliza ya mteja bila kuambiwa amekwishapata sifa ya kuona yaliyofichika.

7. Masharti

Sasa sogea karibu. Yote tuliyosema ni mapambo tu. Uganga wa mlingoti unakaa kwenye masharti. Dawa yako haitafanya kazi, hilo tunalijua wewe na mimi. Swali ni nani atakayeonekana ameshindwa, na asiwe wewe.

Sharti zuri ni jepesi masikioni na haliwezekani maishani. "Ukitoka hapa usigeuke nyuma hadi ufike nyumbani." Inasikika kama kitu cha mtoto, sivyo? Basi mwache atembee kutoka kwako hadi steji, bodaboda wanapiga honi, makanga anamwita "siste", na gari la maji linarudi kinyumenyume. "Usisalimiane na mtu kabla ya jua kuzama." Anaishi ploti yenye mfereji mmoja. "Usipokee simu ya namba usiyoijua kwa siku saba." Ana mikopo ya simu mitatu.

Lililo bora kuliko yote ni la chakula: "Siku saba usiguse sukuma wiki." Lihifadhi hilo kama dhahabu. Mkazi wa Riruta anayeweza kukaa siku saba bila sukuma hana haja na mganga, huyo tayari ana pesa.

Kisha ongeza sharti la mwisho: asimwambie mtu yeyote. Kuna faida mbili. Atamwambia mtu, kwa hiyo mwiko umevunjika. Na asipomwambia mtu, huna shahidi.

Siku ya nane atarudi. Mpokee hivi:

"Daktari, bado hajarudi."

"Pole sana, mwanangu. Ulipotoka hapa uligeuka nyuma?"

"Sikugeuka."

"Hata kidogo?"

"Hapana, daktari."

"Mwanangu."

"Kuna makanga aliniita..."

Hapo funga mdomo. Usimlaumu, usimwonee, usitaje pesa. Shika kibuyu, kitikise kidogo, utazame ukutani. Ataomba msamaha mwenyewe. Atauliza kama kuna namna ya kufungua upya, na utamwambia ipo lakini ni ngumu, na ugumu wake ni shilingi elfu tatu mia moja na hamsini.

Usidhani ni mjinga. Kichwani mwake ana njia mbili za kuyaeleza yaliyompata. Ya kwanza, alipewa siri ya wazee akaivunja kwa ukaidi. Ya pili, alitapeliwa na kijana mwenye shuka la Gikomba. Aliyevunja mwiko ana kisa cha kusimulia kwenye chama, na wenzake watashika videvu. Aliyetapeliwa ana namba ya simu isiyopatikana. Wewe ungechagua kipi? Mawakili na makocha wa mpira wanaijua njia hii miaka yote, ila wao hawachomi ubani.

Wapo pia watakaofanikiwa, usishtuke. Mpenzi hurudi kwa sababu huko alikokwenda kodi ilipanda. Mtu hupata kazi kwa sababu alituma maombi. Pokea shukrani kwa unyenyekevu, na uombe ruhusa ya kumtaja kwa wateja wengine. Na mambo ya kesi yakiletwa, usiwe mchoyo: mhudumie mlalamikaji asubuhi na mshtakiwa jioni. Mmoja wao lazima ashinde. Kesi ikiahirishwa, kama zilivyo tabia za kesi zetu, basi umewashindia wote wawili.

8. Usimtaje mtu

Sasa mteja ataegemea mbele aulize: "Daktari, nani amenifanyia hivi?" Atakusihi. Atakutajia majina yeye mwenyewe, uchague: shemeji, mke mwenza, mama mwenye nyumba, nyanya wa mumewe.

Hapa sikutanii. Usichague. Usiseme "mwanamke mnene", usiseme "mtu unayekula naye", usiseme "mzee wa upande wa baba". Mwaka 2008 huko Kisii umati uliwachoma wazee zaidi ya kumi kwa tuhuma za uchawi. Kilifi wazee wameuawa kwa kosa la kuwa na mvi, na mara nyingi nyuma ya mvi hizo palikuwa na shamba ambalo kijana fulani alikuwa amechoka kulisubiri. Tanzania, Januari 2015, serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino. Na kabla ya hayo yote, mwaka 1932, mahakama ya koloni ya Kenya iliwahukumu kifo Wakamba 60 kwa kumuua mwanamke waliyeamini ni mchawi. Baadaye hukumu ikapunguzwa kuwa kifungo, lakini mwanamke hakuwa na mtu wa kumpunguzia. Mteja akikung'ang'ania, mwambie jina limefungwa na halifunguliki. Mpunguzie hata bei. Aende nyumbani akiwa na hasira na wewe.

Mtu mmoja tu ndiye unayeruhusiwa kumtaja, na tutafika kwake.

9. Sheria

Iko Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, iliyoanza kutumika tarehe 12 Novemba 1925. Inatoa hadi miaka 10 jela kwa anayejidai mganga mwenye uwezo wa kumtia mtu hofu, usumbufu au madhara. Kumwita jirani mchawi, bila kupitia kwa polisi, chifu au wakuu wengine, nako ni kosa kwa sheria hiyohiyo. Waingereza walikuwa na yao ya mwaka 1735. Waliifuta mwaka 1951. Yetu wakatuachia, kama mpangaji anayehama na kuacha sofa lililovunjika mguu kwa sababu halipiti mlangoni.

Isome, inafurahisha. Imejaa makosa na vifungo, lakini uchawi wenyewe ni nini haisemi. Wameuchukua wote, wa kuroga na wa kuagua, wa usiku na wa mchana, wakautia kapu moja lenye jina la Kizungu, wakalifunga. Mahakamani utajikuta mahali pa ajabu. Ukisema una uwezo, umekiri. Ukisema huna, basi pesa za watu ulizichukua kwa hila, na hapo wanafungua Kanuni ya Adhabu kifungu cha 313, kujipatia mali kwa udanganyifu, miaka 3.

Ushauri wangu ni wa hesabu tu: mitatu ni pungufu kuliko kumi. Ukishikwa, kana uwezo wako haraka na kwa sauti, mkiwa bado ndani ya gari la polisi. Lia ikibidi. Sema hujawahi kumponya mtu hata mafua. Utastaajabu jinsi ilivyo vigumu. Nimesikia kuna waganga ambao kwa dakika hiyo ya mwisho hukataa kuokoka, wakasisitiza mbele ya hakimu kwamba uwezo wanao, kwa sababu wateja wao wa Gatina wameketi benchi la nyuma wanasikiliza.

Njia ya amani ni kukaa upande wa kheri. Usiuze cha kumdhuru mtu. Uza mvuto, uza bahati, uza mpenzi kurudi. Miti shamba nayo ina heshima yake serikalini. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inaitambua tiba ya jadi, na wapo watu wanaoijua kweli, waliorithishwa majani na mizizi na bibi zao, wanaolala njaa pale Kawangware kwa sababu hawana bango na wanasema "hii siijui, nenda hospitali". Usifuate mfano wao. Biashara itakufa.

10. Mteja akichoka

Yupo atakayechoka. Amefungua upya mara tatu, ameacha hata sukuma, na mume bado yuko Rongai na yule mwingine. Sasa anatishia kuja na ndugu zake. Zima laini. Lakini usimwache apotee, maana mteja aliyeumwa na mganga mmoja ndiye anayemtafuta wa pili kwa bidii zaidi. Tafuta laini nyingine na ubandike bango la pili kwenye mlingoti uleule, chini ya lile la kwanza. Kama la juu ni Pemba, la chini liwe Kitui. Badilisha rangi. Huyu wa chini asiwe na kliniki: anatibu kwa simu tu, kwa sauti nzito, na Kiswahili chake kina lafudhi ya Kikamba uliyojifunza kwa mwenye kibanda cha makaa.

Atapiga. Atalia. Atakusimulia yote kuhusu yule Mpemba: moshi, kibuyu, makanga. Sikiliza hadi mwisho, kisha umwambie kinachomsumbua si mume tena. Ni kwamba yule wa bango la juu alimfunga. Mtaje bila woga, ndiye yule niliyekuruhusu. Mwambie ni tapeli, hajui dawa hata moja, na ikiwezekana ametoka hapahapa Riruta.

Mambo hayo matatu yatakuwa ya kwanza ya kweli kumwambia mteja tangu ufungue kliniki. Toza elfu tano.